Mita 500 Tu

KASIM: Tumewasha? Haya. Mnaotusikiliza, huyu mwenzangu leo kaja anachechemea.

ZUHURA: Sichechemei.

KASIM: Umepanda ngazi umeshika ukuta, dada yangu. Nimekuona.

ZUHURA: Ni kile kibao. Nitakieleza, lakini mada kwanza. Leo ni namna ya kuvisaidia vijiji vianzishe utalii wao wenyewe na kuutangaza. Nina mambo saba hapa kwenye karatasi.

KASIM: Saba! Juzi ulileta matano tukaishia la pili.

ZUHURA: Leo tunayamaliza yote. La kwanza…

KASIM: Kibao.

ZUHURA: Haya bwana. Jumamosi nilikwenda kukaa siku mbili kwenye kijiji kimoja. Jina sitaji, maana wenyewe wanajitahidi. Ukishuka kwenye gari unakutana na kibao. Ni mlango wa kabati la zamani, hata tundu la kitasa bado lipo. Rangi nyeupe: MAPOROMOKO MITA 500. Chini yake namba ya simu, tarakimu ya mwisho imefutwa na mvua.

KASIM: Kwa hiyo unabahatisha, sifuri mpaka tisa.

ZUHURA: Nilijaribu nne. Yule wa nne alinijia juu, anataka kujua nani kanipa namba yake.

KASIM: (anacheka) Masikini.

ZUHURA: Halafu kimepigiliwa msumari mmoja. Upepo ukivuma, mshale unageuka. Mimi nilikuta unaelekeza chini. Ardhini kabisa.

KASIM: Labda maporomoko yenyewe yalishaporomoka.

ZUHURA: Nikatembea. Dakika kumi, ishirini, thelathini. Nikamkuta bibi mmoja katua mzigo anapumzika. Nikamwamkia, nikamwuliza, "Bibi, hizi mita 500 bado?" Akaniangalia kuanzia viatu kupanda juu, akasema, "Mjukuu wangu, hizo ni za ndege. Wewe una mabawa?"

KASIM: Aisee! Ikawa muda gani?

ZUHURA: Saa moja na robo. Kwenda tu. Kumbe watu wa mradi fulani walikuja na kompyuta, wakapima kwenye ramani mstari mnyoofu kutoka barabarani mpaka majini. Mstari unapita hewani juu ya korongo. Njia inazunguka kilima kizima. Na pale kijijini hakuna asiyejua ni mwendo gani, mpaka watoto. Hawakuulizwa.

KASIM: Kwa hiyo jambo lako la kwanza ni hilo, waulizwe wenyeji. Tumelimaliza. La pili?

ZUHURA: Hatujalimaliza. Nilimwuliza kijana aliyenirudisha, mbona hamkibadilishi? Akacheka. Anasema wageni wanapiga picha nacho, wanazituma kwa wenzao, na wapo wanaokuja kwa ajili ya kibao kuliko maji.

KASIM: Basi kiachwe! Zuhura, hilo ndilo tangazo. Hakuna mtaalamu angelibuni.

ZUHURA: Kiachwe? Akija mtu mwenye goti bovu?

KASIM: Atamkuta bibi.

ZUHURA: Sitanii, Kasim. Kibao kikidanganya, mgeni anajiuliza na kitanda kitakuwaje, na maji ya kunywa yatakuwaje. Ndiyo maana nasema kijiji kijipange kwanza, kijitangaze baadaye. Nani anapokea mgeni, zamu zikoje, hela inagawanywaje. Mimi nilipofika nyumba mbili zilinigombania mkoba. Mmoja kashika mkanda, mwenzake kashika mpini. Daftari la zamu lipo, nimeliona, lina kurasa mbili zimejazwa halafu basi.

KASIM: Na mimi nasema watangulize wageni. Daftari litajazwa na nini kama hakuna anayekuja? Tazama Italia, ile wanayoita *albergo diffuso*, yaani hoteli iliyotawanyika. Baada ya tetemeko la Friuli la 1976 kulikuwa na nyumba zimejengwa upya, watu wamehama. Hawakujenga hoteli. Walitumia zilizopo, chumba kimoja huku, kingine kule.

ZUHURA: Umejikwaa mwenyewe. Vyumba vimetawanyika, ndiyo, lakini mapokezi ni moja, na kuna anayesimamia. Hakuna mtu anayevutwa mkoba.

KASIM: Wazo lenyewe limechukua miaka kukamilika.

ZUHURA: Sawa, tuje Namibia. Sheria ya 1996 iliyowapa wanavijiji haki ya kunufaika na wanyamapori wao iliwataka kwanza wawe na mipaka inayojulikana, wanachama, kamati, na mpango wa kugawana faida. Hayo kabla ya mapato.

KASIM: Kule kuna tembo, dada. Tembo anasubiriwa. Kijiji chenye maporomoko peke yake kikikaa miaka mitatu kwenye vikao, vijana wote watakuwa wamehamia mjini. Utakuta kamati nzuri, na wa kumwongoza mgeni hayupo.

ZUHURA: Na kikifurika je? Hallstatt kule Austria wakazi hawafiki elfu moja, siku za msimu wageni wanafika elfu kumi kwa siku. 2023 walisimamisha ukuta wa mbao pale watu wanapopigia picha, wapumue.

KASIM: Wakauondoa.

ZUHURA: Baada ya kelele, ndiyo. Lakini ujue walifikishwa wapi.

KASIM: Hallstatt na kijiji chenye mlango wa kabati, wapi na wapi! Tatizo la wenzetu ni wageni wanne kwa mwezi. Unawatibu ugonjwa ambao hawajaupata.

ZUHURA: Nawapa chanjo.

KASIM: Unawapa vikao.

ZUHURA: Basi tuseme hivi, wabaki na kibao, lakini waongeze mstari chini: "kwa mguu saa moja na robo".

KASIM: Utakiua. Utamu wote uko kwenye zile mita 500.

ZUHURA: Hukutembea wewe!

KASIM: Ningetembea, nikapiga picha, nikawatumia watu mia. Wewe umetembea, umekuja kulalamika kwenye kipindi. Na hata hivyo umekitangaza.

ZUHURA: Jina sijataja.

KASIM: Ndiyo kosa lako.

ZUHURA: Mimi narudi kule na kopo la rangi.

KASIM: Na mimi nakufuata na kitambaa. Hebu, fundi wa sauti anatuonyesha vidole vitano.

ZUHURA: Dakika tano?

KASIM: Mita 500.

ZUHURA: Wewe! Nina mambo sita hapa. Kuna la kumfundisha kijana kuongoza wageni, kuna la choo, choo ni muhimu sana…

KASIM: Choo wiki ijayo.

ZUHURA: Na la bei kuandikwa ukutani mgeni aione kabla ya… Subiri. Simu yangu inaita.

KASIM: Tuko hewani, Zuhura.

ZUHURA: Ni yule wa namba ya nne.

KASIM: Pokea! Mwulize maporomoko yako upande gani.