Toka Luano hadi Guangzhou: piga hesabu ya saa zako mwenyewe

Jambo yenu, bandugu wa Lubumbashi. Video hii ni ya mama na vijana wetu wanaofuata bidhaa China. Kabla ya kulipa tiketi, mjue mnaenda mbali kiasi gani na mtakaa njiani saa ngapi.

Fungueni ramani kwenye simu. Bonyeza kiwanja chetu cha ndege cha Luano, ushikilie kidole hadi alama itokee, kisha chagua sehemu ya kupima umbali. Sogeza ramani hadi kiduara kikae juu ya kiwanja cha Guangzhou, kile chenye herufi CAN. Chetu ni FBM. Hakikisha herufi hizo kwenye tiketi. Utasoma karibu kilomita 10,100.

Lakini hiyo ni njia iliyonyooka. Tuchukue safari ya kupitia Addis Ababa. Pima vipande viwili: Luano hadi Addis kama kilomita 2,600, Addis hadi Guangzhou kama 8,040. Jumla inapita 10,600.

Sasa gawanya kila kipande kwa 850, maana ndege kubwa huenda kilomita 850 hadi 900 kwa saa ikiwa juu. Ongeza nusu saa kwa kila kipande, kwa sababu ya kupanda na kushuka. Cha kwanza kinakupa saa tatu na nusu, cha pili saa kumi.

Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa hiyo tuende polepole. Saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni za kila mji. Addis iko mbele yetu saa moja, Guangzhou saa sita. Tuseme unaondoka Luano 14:00 na unafika Guangzhou 13:00 kesho yake. Kwa macho ni saa 23. Toa zile sita: zinabaki 17. Hewani ni 13 na nusu, kwa hiyo saa tatu na nusu utakuwa umekaa Addis. Ukipitia Kinshasa, kumbuka wako nyuma yetu saa moja.

Mimi nasisitiza hesabu hii kwa sababu tiketi ya bei rahisi mara nyingi huficha kusubiri kwa muda mrefu, na mama mwenye mtoto mgongoni anapaswa kujua mapema.

Kurudi, badala ya kutoa, ongeza. Ukiondoka Guangzhou 23:00 na kufika Luano 13:00 kesho yake, zinaonekana saa 14, kumbe ni 20. Kipande kirefu nacho huongezeka kidogo, kwani huko juu upepo mara nyingi huvuma kutoka magharibi na ndege inakwenda ikipambana nao. Kwa kurudi, weka saa 11 badala ya kumi. Anayekuja kukupokea Luano mpe saa ya Lubumbashi, ile iliyoandikwa kwenye tiketi, usiigeuze tena.