Pingu nayo ni mashine, mbona haina daftari la ukaguzi?

Asanteni, kaeni. Wengi wenu hapa mshanisikia nikiongelea hili na wengine mshachoka, lakini mi nitalirudia mpaka siku nitakayoingia stoo nikute daftari la pingu limekaa pembeni ya daftari la silaha. Kila nikipita nakuta hali ni ileile. Bunduki ina namba, ina mtu anayesaini kuitoa na kuirudisha, ina anayeifungua na kuisafisha, risasi zinahesabiwa moja moja. Redio inachajiwa na ikigoma inaandikiwa ripoti. Ukiulizia pingu unaonyeshwa droo. Au misumari ukutani.

Na ukiuliza kwa nini, jibu ni lilelile, eti hicho si chuma tu afande, chuma kitaharibika nini. Haya. Wale mlio nazo zishikeni mkononi. Ule upinde mmoja unaozunguka ndo wenye meno. Unapita katikati ya zile bapa mbili, na ndani ya boksi la kufuli kuna kipande kidogo cha chuma, kile ukikiweka kiganjani unaweza kukipoteza, nacho kina meno yake yanayong'ata meno ya upinde. Kinasukumwa na springi nyembamba. Ile klik klik klik mnayoisikia ni hicho kipande kinaruka kutoka jino moja kwenda jingine. Basi. Mtu mzima na nguvu zake, amechanganyikiwa, anajua anakoenda ni jela, anazuiwa na kale kachuma na kale kaspringi. Bapa ziwe nene vipi, cheni iwe ngumu vipi, kale kakigoma kurudi kwenye nafasi yake umemvalisha mtu bangili.

Mchoro wenyewe ni wa zamani na ni mzuri. George Carney wa Marekani alipata hataza ya huu upinde unaopita moja kwa moja mwaka 1912, kampuni ya Peerless ikaanza mwaka 1914, na pingu nyingi za polisi duniani mpaka leo zinafuata mpango uleule, zaidi ya miaka 100. Na uzuri wake ndo umetulemaza. Kwa kuwa inafanya kazi karibu kila siku, hakuna anayeiwazia siku itakayogoma.

Ngoja niwape kile kisa cha uzi, waliokisikia wavumilie. Kulikuwa na kituo, sikitaji, pingu zinatundikwa ukutani kila mtu anachukua anapoingia zamu. Moja ilikuwa na uzi mwekundu umefungwa kwenye cheni. Askari mmoja binti, ndo kwanza ametoka depo, akaichukua ile yenye uzi, akadhani ni alama ya kuhesabia. Usiku huo wakakamata mtu, akampiga pingu vizuri kabisa kama alivyofundishwa, mikono nyuma, viganja nje, matundu ya ufunguo mbali na vidole, akabonyeza kufuli la pili, lile la kuzuia upinde usisogee tena, kwa ncha ya ufunguo, akapima nafasi kwa kidole, sawa. Wanafika kwenye gari, yule mtu mkono mmoja uko nje. Hakutumia waya, hakutumia ufunguo, alivuta tu. Akamtandika askari wa pili na ile pingu inayoning'inia kwenye mkono uliobaki, ikampasua juu ya jicho, akatoka mbio.

Ripoti ikaandikwaje? Uzembe wa askari. Kwamba hakufunga sawasawa. Mi nikaitwa eti nikamfundishe upya. Nikasema nileteeni kwanza hiyo pingu. Nikaiweka mezani, nikaupitisha upinde taratibu, badala ya kusikia klik safi nikasikia kitu kama kinakoroma, klik moja, kimya, halafu klik mbili za harakaharaka. Nikamulika tochi. Ndani kumejaa nyuzinyuzi za nguo na vumbi, vimegandana na grisi nzito, ile ya kupaka bawaba za mlango, maana kuna mtu siku za nyuma aliiona inakwama akaipaka akiamini anaitibu. Grisi imekamata vumbi, vumbi limekuwa udongo, kile kipande cha ndani kimelala hakirudi. Na kufuli la pili, hapa ndo panaponiuma, kipini chake kilikuwa kinabonyea vizuri tu, unakisikia kabisa kikiingia, ila kile chuma kinachotakiwa kuteleza kikamzuie mwenzake hakitoki kilipo. Kwa hiyo yule binti alifanya kila kitu sahihi, na kifaa alichopewa kilikuwa kinamdanganya.

Nikauliza, huu uzi wa nini? Kimya. Mwisho mzee mmoja wa pale akasema uzi aliuweka yeye ili watu wajue hiyo mbovu. Na sio wiki hiyo, zamani tu. Zamu nzima ilikuwa inajua. "Hiyo ukiibana sana inashika," ndo walivyokuwa wanaambiana. Mzee wa watu alitaka kuwaokoa wenzake, simlaumu hata kidogo, lakini nawauliza maafande, kifaa cha kumzuia mtu kinawekewa uzi kisha kinarudishwa ukutani? Kilirudi kwa sababu kukiondoa ilibidi kuandika, na hapakuwa na pa kuandika. Hakuna daftari, hakuna fomu, hakuna mwenye pingu. Kitu cha wote ni kitu kisicho na mwenyewe, na siku kikileta balaa mwenyewe anapatikana ghafla, ni yule wa mwisho kukigusa.

Yule binti alisafishwa baadaye, ndiyo. Baada ya miezi ya kuitwa mzembe mbele ya wenzake.

Sasa hilo kufuli la pili nilisemee, kwa sababu wengi hata pingu zikiwa nzima hawalitumii. Wanasikia klik, wanaona kazi imeisha. Haijaisha. Kufuli la kwanza linaruhusu upinde uendelee kubana, halizuii. Mtuhumiwa akiikalia kwenye gari inabana. Akijinyonganyonga inabana. Akiwa mjanja anaibana makusudi aanze kulia mkono unakufa, umfungulie. Na kufuli la kwanza peke yake ndo linalochezewa kirahisi, maana kile kipande bado kina ruhusa ya kusogea. Ukibonyeza la pili, kipande hakiendi mbele wala nyuma, mjanja hana pa kuanzia na mkono wa mtu haubanwi zaidi. Kitendo kimoja kinakulinda wewe na kinamlinda yeye. Na sio uvumbuzi wa jana, yule Mmarekani John Tower alishaliweka kwenye pingu zake kabla karne ya 19 haijaisha. Halafu leo askari ananiambia hakuliona.

Najua mnachotaka kusema. Afande, mtu anarusha mateke, mwenzio yuko chini, we unaongelea ncha ya ufunguo? Sikilizeni, hakuna aliyesema ulibonyeze katikati ya purukushani. Purukushani maliza kwa klik. Ila akishatulia tu, kabla hujampekua, kabla hujamwinua, na kabisa kabla hujamwingiza kwenye gari, hapo hakuna kisingizio. Ni sekunde chache. Na ukishabonyeza jaribu, sukuma upinde ndani, vuta nje. Ukisogea hata jino moja hilo kufuli halijakaa, na usijidanganye kwamba ulisikia kipini kikiingia, yule binti naye alikisikia.

Na mkono wa mtu msiuchukulie poa. Upande wa kidole gumba, hapa, kuna mshipa wa fahamu unapita juu juu ya mfupa, pingu ikibana unaminywa kati ya chuma na mfupa. Mtu anapata ganzi na kuungua nyuma ya gumba, na ganzi hiyo inaweza kukaa wiki, wengine miezi. Huyo mtu bado ni mtuhumiwa, hajahukumiwa na yeyote, anaweza kuachiwa asubuhi akarudi kwake na mkono usioshika kitu. Kwa hiyo mtu akikulalamikia, usimjibu eti wote wanasema hivyo. Angalia. Pitisha ncha ya kidole kati ya pingu na mkono, tazama vidole vyake vimebadilika rangi au la, kisha andika saa uliyoangalia.

Kuna anayenisubiri na hoja ya cheti. Pingu zetu zina cheti, zimepimwa. Sawa. NIJ, taasisi ya utafiti iliyo chini ya Wizara ya Sheria ya Marekani, ilitoa kiwango cha pingu za chuma mwaka 1982, kuna vipimo vya kuzivuta kwa nguvu, vya kutu kwenye mvuke wa chumvi, vya kuchezea kufuli. Kazi nzuri ile, na mnaohusika na manunuzi msikubali kuletewa pingu ambayo haijapitia vipimo vya namna hiyo. Lakini sampuli inayopimwa ni mpya. Imetoka kiwandani. Haijalala mwaka mzima kiunoni kwa mtu anayetoka jasho, haijadondoshwa kwenye zege, haijabanwa na mlango wa gari, haijalowa damu ikafutwa na kitambaa kikavu na kurudishwa kwenye mkoba wake. Cheti kinasema pingu ilizaliwa nzima. Kuhusu leo hakisemi chochote, wa kusema leo ni wewe mwenye kuishika.

Na kila mhadhara lazima mtu aniletee Houdini, yule mwanamazingaombwe aliyepata jina kwa kujifungua pingu jukwaani. Kwamba mbona yule alikuwa anazifungua zote. Houdini alikuwa fundi aliyesomea makufuli maisha yake yote, na hata yeye zile pingu alizoletewa na gazeti la Mirror kumjaribu pale ukumbi wa London Hippodrome, Machi 1904, zilimtesa zaidi ya saa nzima. Cha kujifunza kwake ni kingine kabisa. Alionyesha kuwa baadhi ya pingu za Darby, aina ya zamani ya Uingereza, zinafunguka kwa kugongwa tu mahali pake kwenye kitu kigumu, komeo la ndani linarudi nyuma kwa kishindo kwa sababu linashikiliwa na springi peke yake. Mnaona tunarudi palepale? Springi. Msiwaogope wachawi wa jukwaani, ogopeni springi iliyochoka kwenye droo yenu.

Basi ukaguzi wenyewe, haraka maana muda naona unanikimbia. Mwanzo wa zamu, pingu zote mbili, sio moja. Pitisha upinde mizunguko kadhaa, usikie klik za kufanana, na upinde uzunguke wenyewe bila kukwaruza bapa. Ukicheza kushoto kulia kwenye riveti, hiyo imelegea. Simamisha kwenye meno tofautitofauti uvute nyuma kwa nguvu. Bonyeza kufuli la pili, sukuma, vuta. Fungua kwa ufunguo utakaoutumia kazini, sio wa stoo. Tazama bapa zimeachana au zimepinda, kama zimeachana hazinyooshwi kwa nyundo, hiyo pingu imeisha. Cheni, angalia pale inapoingilia kwenye boksi, ndo panapolika. Zote hizo ni muda mfupi kuliko wa kufunga kamba za buti.

Usafi: vumbi litoe kwa brashi na upepo, halafu oili nyepesi tone moja au unga wa grafiti, futa inayobaki. Grisi marufuku, nadhani kisa mmekisikia. Ikilowa damu ioshe na dawa, ila dawa za klorini zinakula chuma, kwa hiyo isuuze kwa maji safi, ikaushe mpaka ndani, ndo uweke oili. Ukiirudisha mbichi kutu itaanzia ndani usikokuona.

Na daftari. Pingu za kazi nyingi zina namba imegongwa pembeni, andikeni hiyo namba, jina la mwenye nayo, tarehe ya ukaguzi, sahihi. Kila askari awe na zake. Iliyokataa ukaguzi isirudi droo, ikatwe kabisa, maana ikibaki nzima kuna mwenzenu ataiokota siku stoo imekauka. Wakubwa wataniambia bajeti. Daftari ni bei gani jamani? Na pingu mpya ni bei gani ukilinganisha na kesi ya askari aliyepasuliwa juu ya jicho?

Nilitaka niongelee za bawaba na zile ngumu zisizokunja, faida zake na namna zinavyominya mkono zikifungwa vibaya, ila naonyeshwa saa. Nimalizie ufunguo tu. Pingu nyingi za polisi zinafunguliwa na ufunguo wa aina moja hata kama watengenezaji ni tofauti, kwa hiyo pekua vizuri, mkanda, mfuko wa nyuma, pindo za suruali, na usimwache mtu peke yake eti kwa sababu ana pingu. Na upande wa pili wa jambo hilo, mtu akiacha kupumua humo garini, au gari likipata ajali likawaka moto, ufunguo uko wapi? Kama jibu ni kwa afande aliyeshuka kituo kilichopita, mtu atakufa mikononi mwenu. Kila gari liwe na ufunguo wa akiba mahali pamoja panapojulikana na dereva apajue hata gizani. Pingu za plastiki sijazigusa kabisa, zile tutazichukua kwenye kipindi cha vitendo, njooni na vikatio vyake. Maswali.