Mashine Zilipita, Fidla Ikapigwa Nondo

Wakubwa, shikamooni. Wenzangu, habari za jioni. Ahsanteni kwa kuja na mvua hii.

Nianze na pasi ya kusafiria. Ukifungua pasi ya Israeli ya miaka ya mwanzo, unakuta maandishi kwamba mwenye pasi hii anaruhusiwa kwenda nchi zote isipokuwa Ujerumani. Na baadhi ya waliobeba pasi hizo walizaliwa huko huko, Berlin au Frankfurt, na jioni wakirudi kazini walikuwa wakiulizana kwa Kijerumani nani kasahau kuzima taa.

Mada niliyopewa ni jinsi Wayahudi walivyowatazama Wajerumani na utamaduni wao baada ya Maangamizi yaliyoua Wayahudi milioni 6. Najua mnategemea nizungumzie chuki. Chuki ilikuwapo, na nani angewalaumu? Ila mtu akishakwambia anachukia, mazungumzo yameisha. Mimi kinachonishughulisha ni ugomvi wa Wayahudi kwa Wayahudi: kipi cha Mjerumani kiingie ndani, na kipi kibaki nje ya mlango.

Mwaka 1948 Kongamano la Wayahudi Duniani lilikutana Montreux, Uswisi, likatangaza kwamba Wayahudi hawatakaa tena kwenye ardhi ile iliyolowa damu. Wakati tangazo linasomwa, kulikuwa na Wayahudi wanaoishi Ujerumani. Wengine walitoka mafichoni, wengine walikuwa kwenye kambi za wakimbizi wakisubiri meli, na wengine walikuwa wamerudi kwa hiari. Mmoja wa waliorudi alitoka hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Baba yake Stefanie Zweig, yule mwandishi, alikuwa mwanasheria aliyewakimbia Wanazi mwaka 1938 na kuja kusimamia mashamba ya watu Kenya. Mwaka 1947 akaifungasha familia yake, akarudi Frankfurt kuwa hakimu. Binti alikuwa na umri wa miaka 14 au 15, Kiswahili kimemkolea mdomoni. Wapo waliomwona mtu kama huyo msaliti. Wapo waliosema anakwenda kudai kilicho chake.

Sasa tuje kwenye fedha, maana fedha ndiyo iliyotaka kulivunja Bunge.

Israeli ya mwaka 1952 ilikuwa na dhiki. Mayai kwa mgawo, nyama kwa mgawo, wahamiaji wamejaa kwenye mahema. Waziri Mkuu Ben-Gurion akaja na pendekezo la kujadiliana na Ujerumani Magharibi kuhusu malipo. Hoja yake aliichota kwenye kisa cha Ahabu na shamba la mizabibu la Nabothi, ambacho wengi hapa mnakijua tangu shule ya Jumapili: muuaji asiwe tena mrithi. Upande wa pili alisimama Menachem Begin, mbunge wa upinzani, ambaye baba yake, mama yake na kaka yake waliuawa. Tarehe 7 Januari alihutubia umati pale Jerusalem, umati ukaandamana hadi Bungeni. Mawe yalivunja madirisha, moshi wa mabomu ya machozi ukaingia ukumbini wabunge wakiwa wanachangia. Siku mbili baadaye kura zikapigwa: 61 kwa 50. Begin akasimamishwa ubunge kwa miezi kadhaa.

Mkataba ulitiwa saini Luxembourg tarehe 10 Septemba 1952. Hebu ipigieni picha hafla ile: Kansela Adenauer wa Ujerumani Magharibi upande mmoja, Moshe Sharett, waziri wa mambo ya nje wa Israeli, upande mwingine, saini zinawekwa, na hakuna hotuba hata moja. Wangesema nini? Marki bilioni 3 kwa Israeli, nyingi zikija kama bidhaa, na milioni 450 kwa mashirika ya Kiyahudi yaliyowakilisha manusura walioishi kwingineko.

Neno lenyewe la malipo hayo lilikuwa vita. Wajerumani walitumia neno lao lenye maana ya kulifanya jambo liwe zuri tena. Waisraeli walilikataa katakata, wakachukua neno la Kiebrania, shilumim, ambalo katika Isaya 34 limekaa jirani na siku ya kisasi. Sisi tunaosema Kiswahili tunaielewa tofauti hiyo haraka kuliko wengi. Tuna kifuta machozi, tuna fidia, na tuna dia. Dia ikishalipwa mbele ya wazee, kesi imekwisha, koo mbili zinaweza hata kuoana. Shilumim ni malipo yanayopokelewa kwa masharti kwamba kesi haijaisha. Nalipwa deni, sijasamehe, na undugu hatuna. (Naona kuna mtu anataka kunikatiza na Majimaji. Ngoja, maswali yanakuja.)

Basi bidhaa zikaanza kushuka bandarini Haifa. Meli mpya, mabehewa ya treni, mitambo ya umeme, chuma. Miaka michache baadaye teksi za Mercedes zikawa jambo la kawaida barabarani. Watu waliinung'unikia mizigo hiyo, wakaipanda na kuitumia.

Fidla je?

Mwezi Aprili 1953 alikuja Israeli Jascha Heifetz, Myahudi mzaliwa wa Vilnius, mpiga fidla aliyekuwa anahesabiwa kati ya wakubwa wa dunia. Kwenye ratiba yake aliweka sonata, yaani muziki wa fidla na piano, ya mtunzi Mjerumani Richard Strauss. Strauss alikuwa amekubali kuongoza chombo cha Wanazi cha kusimamia muziki, kuanzia 1933 hadi 1935. Sonata hiyo aliitunga miaka ya 1880, Hitler hajazaliwa au bado ni mtoto wa kubebwa, lakini nani alikuwa anahesabu? Serikali ilimwomba Heifetz aiache. Akaipiga. Jerusalem, baada ya onyesho, kijana mmoja alimvizia karibu na hoteli akampiga nondo mkononi. Mkono ule wa kushika upinde.

Angalieni miezi. Bunge la Ujerumani Magharibi liliridhia mkataba wa malipo Machi 1953. Aprili, mtu anapigwa nondo kwa sababu ya sonata. Jenereta ya Kijerumani inawasha taa za mji, na chini ya taa hizo hizo wimbo wa Kijerumani ni kosa.

Wenye kupenda mantiki huuita unafiki. Mimi sikubaliani nao. Jenereta haikuombi uipende. Unaiwasha, unaizima, unaitukana ikiharibika. Muziki hauingii mwilini mpaka umeufungulia mwenyewe, na kwa watu waliotoka kambini, ambako Wanazi waliunda okestra za wafungwa zipige wenzao wakipelekwa kazini, sauti fulani haikuwa sanaa tena.

Ndiyo maana Wagner, mtunzi Mjerumani aliyewachukia Wayahudi na kupendwa na Hitler, hapigwi Israeli. Hakuna sheria inayomkataza. Ni mwiko tu. Ulianza Novemba 1938, kabla hata Israeli haijazaliwa, pale okestra ya Wayahudi wa Palestina ilipouondoa wimbo wake kwenye ratiba baada ya masinagogi ya Ujerumani kuchomwa. Mwaka 2001 Daniel Barenboim, mwanamuziki Myahudi, alikuwa Jerusalem akiongoza okestra kutoka Berlin. Ratiba rasmi ikaisha. Akawageukia wasikilizaji, akawaambia anataka kuongeza Wagner, asiyetaka atoke. Wakabishana ukumbini kama nusu saa, mzee akimfokea kijana. Wachache wakatoka wakibamiza milango, waliobaki wakasikiliza. Barenboim mwenyewe husimulia kwamba alipokuwa akijibu waandishi wa habari kuhusu mwiko huo, simu ya mmoja wao ikaita, na mlio wake ulikuwa wimbo wa Wagner.

Lugha ndiyo ngumu kuliko yote, kwa sababu jenereta unaweza kuizima na ukumbi unaweza kuutoka. Mshairi wa Kiyahudi Paul Celan alizaliwa Czernowitz, mji uliokuwa Romania wakati huo, mwaka 1920. Wazazi wake walifia kambini, mama yake akiwa ameuawa. Aliishi Paris, Kifaransa anakijua, Kiromania anakijua. Mashairi akayaandika kwa Kijerumani hadi alipofariki 1970, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo mama alimpa. Na Israeli kwenyewe gazeti la Kijerumani liliendelea kuchapwa hadi 2011, likisomwa na wazee ambao Kiebrania hakikuwahi kuwakaa sawasawa.

Februari 2000 Rais wa Ujerumani, Johannes Rau, alisimama Knesset, yaani Bunge la Israeli, akaomba msamaha kwa Kijerumani. Baadhi ya wabunge hawakukanyaga ukumbini. Msamaha wenyewe hawakuwa na neno nao. Hawakutaka tu kuisikia lugha ile ndani ya nyumba ile.

Haya. Wa Majimaji, naona mkono wako haujashuka tangu saa ile. Karibu.