Kabla ya Kushuka Nyayo House

Ndugu wanafunzi, walimu wenzangu, na hasa ninyi wazee mliokubali kuketi nasi mchana huu, nawasalimu. Niliombwa nizungumze juu ya kuzuru nyumba ambamo uhalifu mkubwa ulitendeka, kwa kuwa mnajiandaa kwa ziara yenu ya Nyayo House, Nairobi.

Nyumba za namna hiyo ziko nyingi duniani. Kule Fall River, Marekani, nyumba walimouawa Andrew Borden na mkewe Abby kwa shoka mwaka 1892 imegeuzwa nyumba ya wageni. Unalipa, unalala, asubuhi unapewa chai. Waliokufa mle hawana tena mtu wa kuwalilia. Nyumba yetu sisi ni tofauti. Walioteswa ndani yake baadhi yao wangali hai, tunapanda nao matatu, na watatu wameketi hapa mbele.

Nyayo House mnaijua. Iko pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway, na wengi wenu mmeshapanga foleni humo mkitafuta pasipoti. Ilikamilika mapema miaka ya 1980, jengo la ofisi za serikali, ghorofa zaidi ya 20. Chini yake, mkabala na magari yanapoegeshwa, palijengwa seli ndogo zisizo na dirisha. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 serikali ya Rais Moi ilikuwa inamshuku karibu kila mtu aliyesoma kitabu, na kuanzia 1986 msako wa wanaodaiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali, ulipopamba moto, seli zile zilijaa wahadhiri, wanafunzi, waandishi wa habari, wafanyabiashara na wakulima.

Mtu alikamatwa, akafungwa kitambaa machoni, akazungushwa mjini ndani ya gari hadi asijue yuko wapi. Kitambaa kilipotolewa, alikuwa chumbani, uchi, mlango mzito umefungwa. Kisha yakaja maji.

Hapa naomba tusipite haraka. Maji yalimwagwa ndani ya seli kwa mpira hadi sakafu yote ikafunikwa, na mtu akaachwa humo, siku baada ya siku. Huwezi kulala ndani ya maji. Huwezi kukaa. Ukichoka kusimama unachuchumaa, na ukichoka kuchuchumaa unasimama. Haja zote unazimaliza mumo humo. Ngozi ya nyayo inalainika, inakunjamana, mwisho inabanduka. Kupitia matundu ya hewa waliingiziwa mara baridi kali, mara joto na vumbi. Chakula hakuna, au kipo kidogo, na bila dirisha huna asubuhi wala jioni ya kuhesabia. Nimesikia wazee kadhaa wakisimulia jambo hili, kila mmoja kwa namna yake, na wote hushusha sauti wafikapo kwenye maji kuliko wafikapo kwenye kipigo.

Kipigo kilikuwa juu. Mahabusu alitolewa majini, akapandishwa kwa lifti hadi ghorofa za juu kabisa, akasimamishwa mbele ya jopo la makachero. Akikana, viboko na mbao, kisha lifti tena, kurudi majini. Fikirieni lifti hiyo. Mchana ilikuwa katika jengo moja na makarani wenye faili na wananchi waliokuja kutafuta huduma.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza: mkifika kule chini, msitosheke na seli. Anayetazama seli peke yake atadhani uhalifu ulifanywa na chumba, au na wanaume wachache wakatili waliokuwa na funguo. Mtu aliyevunjika alikubali kusaini chochote. Alipelekwa mahakamani jioni, saa za kazi zimekwisha, hana wakili, na hakuna jamaa aliyeambiwa. Alisomewa shtaka la kuwa mwanachama wa chama haramu, au la kuwa na gazeti la uchochezi, akakiri, akafungwa miaka. Hakimu alimwona mtu anayeyumba mbele yake, akaandika hukumu. Kulikuwa na dereva, askari wa zamu, kiongozi wa mashtaka, hakimu, na kila mmoja alirudi nyumbani akala chakula cha jioni. Jengo lile la mahakama liko City Hall Way, leo ni makao ya Mahakama ya Juu. Tokeni Nyayo House mwende kwa miguu hadi pale. Si mbali, na hiyo ndiyo njia ya kosa lenyewe.

Wapo waliokataa kunyamaza. Mwaka 1987 wakili Gibson Kamau Kuria alitoa taarifa kwamba angeishtaki serikali kwa niaba ya wateja wake walioteswa. Akakamatwa yeye, akawekwa kizuizini bila kesi. Mwaka huohuo Peter Njenga Karanja, mfanyabiashara wa Nakuru, alitolewa mikononi mwa polisi akiwa mahututi, akafia hospitalini. Jina lake mlitamke mkiwa kule chini.

Halafu vukeni Uhuru Highway muingie Uhuru Park. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa pale wakagoma kula, Wangari Maathai akiwa pamoja nao, wakidai watoto wao. Polisi waliwapiga. Baadhi ya mama wale wakavua nguo mbele ya askari, na anayejua uzito wa laana ya mama kwetu haelezwi zaidi. Wakahamia kanisa la All Saints, wakakaa hadi wafungwa walipoanza kuachiliwa. Kutoka pale walipoketi, Nyayo House unaiona.

Februari 2003, baada ya KANU, chama cha Moi, kushindwa uchaguzi, seli zilifunguliwa watu wakaziona, na wazee hawa wakaingia tena wakiwa wamevaa nguo zao. Tuliahidiwa pangehifadhiwa. Mwaka 2010 Jaji Hannah Okwengu wa Mahakama Kuu aliwapa walalamikaji 21 fidia iliyokaribia shilingi milioni 40 kwa jumla. Katiba ya mwaka huohuo, kifungu cha 25, ikasema uhuru wa kutoteswa hauwezi kuwekewa mpaka wowote. Nafurahia hayo yote. Lakini hadi leo raia hawezi kushuka pale kama anavyoingia makumbusho yoyote. Huombwa ruhusa, huandikwa barua. Nasema wazi kwamba hilo ni kosa. Mahali pale ni pa umma, na serikali iliyoshindwa mahakamani haina sababu ya kushikilia ufunguo.

Ombi la pili ni dogo. Simu zenu ziwe mfukoni. Msijifungie ndani ya seli ili mpigwe picha mkijifanya mahabusu. Na msiende bila mmoja wa wazee hawa, maana bila yeye mtaona ukuta na sakafu tu, mtarudi mkisema ni stoo.

Mzee aliyeketi mwisho kule kushoto alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kama ninyi siku alipochukuliwa. Amekubali kujibu maswali, na ameniambia mumwulize lolote, hata lile la maji. Karibu, mzee.