Mwaka wa Nyuki Hauingii kwenye Excel

ZUHURA: Karibuni kipindini. Kaka Benja leo kaja na laptopu, na kaunta buku limechakaa kama la duka la mkaa. La nini hilo?

BENJA: La mikutano ya ukoo, dada yangu. Baba wadogo wamekaa, wakasema: wewe si unashinda kwenye kompyuta, basi tuandikie ukoo, na kila miezi mitatu tutolee kajarida. Nikafungua Excel, ile programu ya majedwali. Kolamu ya jina, kolamu ya tarehe ya kuzaliwa, nikakwama kwa mtu wa kwanza.

ZUHURA: Wa kwanza kabisa?

BENJA: Mzee wetu wa Muheza, wa 1894. Naandika tarehe yake, Excel haisemi kitu. Kumbe imeichukua kama maneno tu. Dalili yake, imelala kushoto mwa seli, kile kisanduku cha kuandikia. Tarehe yenyewe hukaa kulia. Kalenda ya Excel inaanzia tarehe 1 Januari 1900. Nikapanga kwa umri, mzee akaangukia chini kabisa, chini ya vitukuu vyake.

ZUHURA: Maskini. Ukamfanyaje?

BENJA: Nikaacha kolamu moja ya tarehe. Sasa nina tatu, siku, mwezi na mwaka, zote namba za kawaida. Na mwaka andika tarakimu zote nne! Shangazi yetu ni wa 1922. Enzi za ile kolamu moja nilimwandika 22 kwa uvivu, Excel ikamzaa upya 2022. Shangazi yuko chekechea.

ZUHURA: (anacheka) Asisikie. Lakini Benja, wangapi kwenye hilo daftari wana siku na mwezi?

BENJA: Hapo sasa. Wachache. Yupo bibi ambaye daftari linasema tu: "alizaliwa mwaka wa nyuki."

ZUHURA: Mwaka wa nyuki?

BENJA: Vita ya Tanga, Novemba 1914. Waingereza wameshuka na askari wao kutoka India, wanapigana na Wajerumani, nyuki wakachafuka wakawavamia. Kwa hiyo nimeweka 1914, halafu kolamu ya pembeni ina maneno ya daftari kama yalivyo, "mwaka wa nyuki."

ZUHURA: Hiyo ya pembeni usiifute kamwe. Sisi wa Songea utaambiwa "kazaliwa Majimaji," na hiyo ni 1905 mpaka 1907. Ukichagua mwaka mmoja ili seli ipendeze, umeshamdanganya mjukuu.

BENJA: Ndiyo maana nimeongeza "mwaka wa chini" na "mwaka wa juu." Majimaji inaingia 1905 na 1907, bila ugomvi.

ZUHURA: Na majina? Maana mjukuu hubeba jina la babu.

BENJA: Nina Yohana wanne! Kila mtu nimempa namba. Kolamu ya baba haina jina, ina namba ya baba, na ya mama vivyo hivyo. Ila ukiuliza kijijini "baba yako nani," unatajiwa baba mkubwa aliyemsomesha.

ZUHURA: Naye ni baba.

BENJA: Ni baba, sikatai! Nimemwekea kolamu yake, "aliyemlea." Baba mdogo mmoja alitaka niifute, eti inafukua mambo. Nikamwambia faili zitakuwa mbili: la kwangu lenye yote, na la kusambaza, lisilo na mambo ya walio hai.

ZUHURA: Umefanya vyema. Haya, kajarida.

BENJA: Natumia Word, kurasa nne za A4. Steshenari wanaprinti kwenye karatasi ya A3 iliyokunjwa: nje ukurasa wa 4 na wa 1, ndani wa 2 na wa 3. Toleo la kwanza walikosea, tanzia ikatokea mbele ya salamu za mwenyekiti.

ZUHURA: Mwenyekiti alifurahi kweli. Mimi cha chama chetu nilikuwa natengeneza kwa Publisher, ile programu ya Microsoft ya kupanga majarida.

BENJA: Basi toa matoleo yako yote uyageuze PDF mapema. Microsoft wametangaza wanaifunga Oktoba 2026, na wanaolipia Microsoft 365 hawataweza kuyafungua humo.

ZUHURA: Ninayo ya miaka sita!

BENJA: Anza leo usiku. Na picha za zamani waambie wakutumie WhatsApp kama dokumenti. Zikija kama picha zinabanwa, ukiprinti bibi hana macho.

ZUHURA: Nina swali la mwisho. Huyo bibi wa nyuki, kwenye kajarida unamwandikaje?

BENJA: "Alizaliwa mwaka wa nyuki," halafu 1914 kwenye mabano.

ZUHURA: Na baba mdogo kakubali?

BENJA: Kauliza nyuki walikuwa wa upande gani.