Malinwa mjini: kumpa kazi, kumfundisha kutulia, na kumhamishia nyumba nyingine

NEEMA: Karibuni kipindini. Leo tuko na malinwa, yule shepadi wa Kibelgiji mwenye manyoya mafupi na uso mweusi. Dume ana kilo 25 mpaka 30, urefu begani sentimita 61 hadi 66. Kwa hiyo si mbwa mkubwa, na hapo ndipo watu wanapoponzwa. Mtu anamwona, anadhani kapata jemani shepadi mwembamba asiyekula sana.

SHABANI: Baada ya miezi minane anapiga simu: "Jamani, njooni mumchukue huyu kichaa." Wala si kichaa. Asili yake ni mbwa wa kuchunga kondoo huko Ubelgiji, kisha polisi na majeshi wakawa wanazalisha wale wenye moto zaidi. Ukichukua mtoto wa ukoo huo, moto unakuja naye.

NEEMA: Na moto huo una matumizi. Pale Usa River, karibu na Arusha, shirika la uhifadhi la African Wildlife Foundation limekuwa likifundisha mbwa wa kunusa pembe za ndovu, malinwa wakiwemo. Mbwa wa kazi kama hiyo ana mtu wake wa kumwongoza, ratiba yake, na kila siku anapewa kitu cha kutafuta. Sasa mchukue mbwa wa aina hiyo hiyo umfungie bandani Njiro tangu asubuhi, usiku umfungulie uwanjani uite "analinda". Hapo hana kazi. Kukesha akibwekea kila kivuli si kazi, ni wasiwasi tu.

SHABANI: Dalili zinaanza kidogo kidogo. Anazunguka duara bandani, anatafuna mkia wake, anakimbia ukutani kwenda na kurudi mpaka majani yote yanakufa pale. Halafu siku moja fundi bomba anaingia bila kutangazwa, anang'atwa. Mwenye nyumba anasema mbwa amebadilika ghafla, kumbe miezi yote alikuwa anasema.

NEEMA: Wengi wakisikia "ana nguvu nyingi" dawa yao ni mpira. Saa nzima kurusha mpira.

SHABANI: Mimi sioni ubaya wa mpira, dada Neema. Dakika kumi si mbaya.

NEEMA: Dakika kumi sawa, tena mwisho wa zoezi, kama malipo. Saa nzima inamjenga awe mwanariadha. Mwezi wa kwanza anachoka kwa dakika 40, mwezi wa tatu dakika 40 ni kupasha misuli tu, na wewe mkono umekwisha. Isitoshe, kukimbia na kufunga breki ghafla kunaumiza viungo, hasa mbwa akiwa bado hajakomaa mifupa. Mimi nataka hivi: asubuhi kabla ya saa moja, dakika 45 za kutembea kwa kamba ya mita 10, na aachwe anuse. Kamba ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, nyuma ya mabega. Ukiifunga kwenye kola, akichomoka mbio kamba ikaisha, shingo ndiyo itakayopokea kishindo chote.

SHABANI: Kwa Dar hata hiyo saa moja usivuke. Malinwa hajui kujihurumia, ataendelea kukimbia mpaka aanguke. Bandika nyuma ya kiganja chako kwenye lami. Ikikushinda kabla ya sekunde 7, mrudishe nyumbani. Ukimwona anahema kwa nguvu, ulimi umetanuka na kuwa mwekundu sana, miguu inayumba, mmwagie maji ya bomba mwili mzima na umpepee hapo hapo, kisha ndiyo mtafute gari la kumpeleka kwa daktari. Kukimbilia gari kwanza kunapoteza dakika zenyewe zinazotakiwa.

NEEMA: Jioni, kazi ya pua. Dakika 15 za kunusa zinamchosha kuliko mbio. Chukua maboksi sita au trei za mayai, weka dagaa wakavu wachache kwenye moja mbwa akiona, mwambie "tafuta". Akishaelewa, ficha yeye akiwa nyuma ya mlango. Baada ya siku chache toa maboksi, ficha bustanini: kwanza usawa wa pua, kisha chini ya ndoo, kisha juu kidogo. Kosa la kawaida ni kupandisha ugumu haraka. Akikosa mara mbili mfululizo, rudi hatua moja. Na mfichio wa mwisho uwe rahisi, aondoke ameshinda.

SHABANI: Ifanyike kabla ya kula?

NEEMA: Kabla ya kula, kisha apumzike kama saa moja ndipo apewe bakuli. Baada ya kula pia asikimbizwe kwa saa mbili hivi. Mbwa mwenye kifua kirefu tumbo linaweza kujaa hewa na kujipinda. Ukimwona anataka kutapika bila kitu kutoka na tumbo limekuwa gumu kama ngoma, usingoje asubuhi, ni suala la saa chache tu. Gawa chakula mara mbili kwa siku. Na pilau iliyobaki msimpe, kitunguu ni sumu kwa mbwa.

SHABANI: Sasa tuje kwenye lile ambalo watu hawafundishi kabisa: kutulia.

NEEMA: Hilo ndilo kubwa, na kwangu linatangulia kukaa na kulala. Malinwa hazaliwi na swichi ya kuzima, unamjengea. Tafuta mkeka au gunia safi, kitu chenye mipaka anayoiona. Kata maini ya kuku yaliyochemshwa, vipande vya ukubwa wa punje ya njegere. Chagua neno fupi la kumwambia amepatia, mimi natumia "safi". Mguu mmoja ukigusa mkeka: "safi", kipande, na ukitue juu ya mkeka, usimpe mkononi. Dakika tano, mara tatu kwa siku. Akianza kwenda mkekani mwenyewe, ngoja mpaka alale chini ndipo ulipe. Kisha ongeza muda: sekunde 5, 10, 20, lakini usipande ngazi tu. Changanya, 20 halafu 5 halafu 15. Ukipandisha kila mara, anajifunza kwamba kazi hii inazidi kuwa ngumu, anaacha.

SHABANI: Wengi wanaharibu pale wanapoondoka.

NEEMA: Kwa sababu wanabadilisha mambo matatu kwa pamoja. Kuna muda, kuna umbali, kuna vishawishi. Ukiongeza kimoja, vingine viwili vishushe. Anakaa dakika tano ukiwa karibu? Ukisogea hatua tatu, omba sekunde 10 tu. Geti likigongwa, rudi usimame kando yake. Na ulipe polepole, kwa sauti ya chini. Ukimsifia kwa kelele anaruka, kisha unamgombeza kwa kuruka.

SHABANI: Nyumba nyingi za Pwani mbwa haingii ndani, kwa sababu za dini na usafi. Hilo halizuii kitu. Mkeka ukae barazani au kwenye kibanda cha geti. Ila awe na sehemu yenye kivuli ambako watu wanapita na wanaonekana, si nyuma ya tangi la maji anakosikia tu sauti.

NEEMA: La pili ni "achia". Mchezo wa kuvutana kamba ni mzuri kwa malinwa, ila asipojua kuachia, siku moja atashika mkono wa mtu kwa namna ile ile. Mkiwa mnavutana, ghafla gandisha mkono, bana kamba kwenye goti lako isicheze. Usivute wala usiseme kitu. Kamba ikishakuwa kama kitu kilichokufa, ataachia. Hapo hapo "safi", na umrudishie mchezo. Anagundua kwamba kuachia ndiko kunakoanzisha raha. Ukimpokonya ukafunga kabatini, umemfundisha kung'ang'ania.

SHABANI: Bodaboda je? Hilo ndilo swali la kila mtu.

NEEMA: Kwake kinachokimbia ni kondoo aliyetoroka. Tafuta umbali ambao anaiona pikipiki lakini bado anakula. Inaweza kuwa mita 40, inaweza kuwa 80. Akitazama pikipiki, "safi", kipande. Akirudisha macho kwako mwenyewe, vipande vitatu. Siku nyingine punguza hatua chache. Akikataa maini, maana yake umesogea mno, rudi nyuma. Kipimo ni hicho tu, mdomo wake.

SHABANI: Na zile kola za umeme?

NEEMA: Kaka, nizungumze wazi. Pikipiki inapita, yeye anapigwa shoti. Anachojifunza ni kwamba pikipiki inaleta maumivu, basi kesho ataiwahi. Na malinwa aliyepandwa na hasira anageuka kung'ata kilicho karibu, yaani paja lako.

SHABANI: Jambo moja la nyumba zetu: askari wa geti. Wanabadilika kila baada ya miezi michache, mmoja anasema "kaa", mwingine "keti", wa tatu anatumia fimbo. Andika maneno sita yanayotumika, ubandike kibandani, na askari mpya alishe mbwa kwa mkono siku tatu za mwanzo akiwa na mtu anayefahamika.

NEEMA: Na afya, kwa kifupi. Malinwa aliyekuwa mvivu ghafla ni mgonjwa. Fizi zimepauka, mkojo mweusi kama kahawa, au damu puani: fikiria magonjwa ya kupe, mpeleke siku hiyo hiyo. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isikisiwe kwa kifuniko cha chupa, kuna mbwa wanakufa kwa hilo.

SHABANI: Tuingie kuhamisha. Mtu anahama nyumba yenye uwanja anakwenda ghorofani, au mtoto kazaliwa, au kashindwa tu. Kushindwa si aibu, aibu ni kuficha. Kwanza ahasiwe, kwa sababu mbwa jike ambaye hajahasiwa, akitolewa bure, anaishia kuzalishwa kwenye banda la mtu. Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe hai, na kadi yake ipo. Halafu tengeneza video fupi: akiwa na bakuli la chakula, akiona mbuzi au paka, watoto wakikimbia, akiachwa peke yake, geti likigongwa.

NEEMA: Historia ya kung'ata iandikwe.

SHABANI: Kwa undani. Alimng'ata nani, wapi, ngozi ilichanika au la, aling'ata mara moja akaachia au alirudia, na alikuwa amebanwa kona? Mbwa aliyemng'ata fundi mara moja akaachia, na aliyemfuata mtoto akarudia mara tatu, hawaendi nyumba moja. Wa pili huyo haendi kwenye familia yoyote. Anaweza kwenda kwa mtu mwenye uzoefu na uzio wa kweli, na kama hapatikani, daktari kumlaza usingizi wa milele kwa utulivu ni afadhali kuliko kumtupia mtu asiyejua.

NEEMA: Na aliyeng'atwa jamani, sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali. Mbwa mwenyewe awekwe chini ya uangalizi siku 10, asiuawe wala kutoroshwa.

SHABANI: Sasa mchukuaji. Akianza na "nataka mbwa mkali", mimi simalizi simu. Uliza nani atatembea naye saa kumi na mbili asubuhi, jina la mtu huyo. Kutana nje kwanza, mahali ambapo mbwa hapalindi. Tembeeni sambamba, mita 10 kati yenu, dakika 20, bila mtu kumwinamia wala kumgusa. Mara ya pili ije familia nzima, na dada wa kazi pia, kwa sababu ndiye atakayeshinda naye. Mara ya tatu nenda ukaone kwao. Ukuta chini ya mita mbili, malinwa anauvuka, na ukiwa na pipa au tangi kando yake, umempa ngazi. Chungulia na chini ya geti.

NEEMA: Wiki ya kwanza ndiyo ya hatari.

SHABANI: Ndiyo, wengi wanatoroka siku za mwanzo, wanatafuta njia ya kurudi kwao. Afungwe kamba mbili, moja kwenye kola na moja kwenye mkanda wa kifuani, hata ndani ya uwanja, na mtu ameshika. Namba ya simu kwenye kola iwe ya mwenye nyumba mpya, iwekwe kabla hajashuka garini. Siku tatu za mwanzo asiogeshwe, wageni wasiitwe kumtazama. Mpe mchukuaji chakula alichozoea mbwa, cha kutosha wiki moja, kipya kichanganywe robo, nusu, robo tatu, la sivyo ataharisha na watu watasema ameletwa mgonjwa. Mkeka wake uende naye bila kufuliwa.

NEEMA: Na asiwape moyo mapema. Wiki mbili za kwanza anaweza kuwa mpole kupita kiasi. Tabia yake halisi inajitokeza wiki ya tatu hivi.

SHABANI: Ndiyo maana makubaliano yawe ya maandishi: majaribio ya mwezi mmoja, na wakati wowote wakishindwa anarudi kwa aliyemtoa, hauzwi, hapewi mtu wa tatu. Bila karatasi hiyo, mbwa huyu huyu utamkuta amefungwa mnyororo kwenye yadi ya magari.

NEEMA: Swali moja la msikilizaji kabla hatujafunga: "Nimeambiwa niongeze malinwa wa pili ili wachezeshane, nifanye hivyo?"

SHABANI: Hapana. Utapata wawili wanaochocheana ukutani. Wa pili afikiriwe pale wa kwanza atakapoweza kulala mkekani nusu saa huku geti linafunguliwa na kufungwa.