Grève: Neno Lililoanzia Kijiweni

Ndugu zangu, naomba nianzie kijiweni. Alfajiri Dar es Salaam, vibarua wamekaa kando ya barabara, miiko ya kujengea imo ndani ya ndoo. Gari likipunguza mwendo, wote wanasimama. Ishikeni picha hiyo, maana ndiyo iliyozaa neno ambalo Wafaransa wanalitamka kila wanapogoma: faire grève.

Grève ni ufukwe wa mchanga na changarawe. Paris, kwenye ukingo wa kulia wa mto Seine, ulikuwapo ufukwe wa namna hiyo, umeteremka taratibu hadi majini. Mashua zilitia nanga pale zikashusha kuni, ngano, mvinyo na nyasi kavu, na uwanja wake ukaitwa Place de Grève. Penye mizigo hapakosi wachukuzi. Asiye na kazi alikwenda kusimama pale akingoja kuitwa, ndiyo maana kuwa "en grève" ilikuwa ni kukosa kazi na kuitafuta. Wao wamelitoa neno lao kwenye changarawe, sisi letu, kijiwe, tumelitoa kwenye jiwe dogo. Mimi jambo hili hunigusa sana.

Sasa, neno la mwenye kuomba kazi limekuwaje la mwenye kuigomea? Mafundi wasioridhika na ujira waliweka chini vyombo, wakarudi palepale uwanjani kumngoja tajiri atakayelipa vizuri zaidi. Mpita njia angewaona watu walewale, wamesimama vilevile, ila safari hii kazi walikuwa nayo na wameiacha wenyewe. Katika karne ya 19 maana hii ndiyo ikashika, ya kwanza ikafifia, ingawa uwanja wenyewe ulikwishapewa jina jipya mwaka 1803: Place de l'Hôtel-de-Ville.

Na msidhani kusimama huko kulikuwa kwepesi. Uwanja huohuo ndiko wahukumiwa walikouawa hadharani. Ravaillac, aliyemuua mfalme Henri IV, aliuawa pale mwaka 1610, na gilotini, mashine ya kukata vichwa, ilianza kazi palepale Aprili 1792. Mwaka mmoja kabla, sheria ya Le Chapelier ilikuwa imewakataza wafanyakazi kuungana kudai ujira. Walioungana walishtakiwa hadi mwaka 1864, kuungana kulipoacha kuwa kosa. Haki yenyewe ya kugoma iliingia katika utangulizi wa katiba ya Ufaransa mwaka 1946, na neno lililoandikwa humo ni lilelile la ufukweni: grève.